Vidole Kumi vya Zoila

Katika mtaa wa maseremala wa San Antonio, fundi alijulikana kwa pengo la mkononi. Wakinywa siku ya sikukuu, mafundi waliinua mikono juu: huyu hana kidole gumba, yule kabakiwa na nusu ya kidole cha shahada, na kila pengo likashangiliwa kama medali. Zoila Chalacán alikuwa na miaka kumi na tisa kazini na vidole kumi kamili. Kwa hiyo walimwita "binti wa Don Segundo". Fundi, hapana.

Baba yake huyo alikuwa na vidole vinane. Viwili vilikwenda na msumeno wa umeme wa kukatia pembe za fremu, asubuhi moja ya baridi, pindo la poncho yake, vazi la sufu la kujitanda, liliponaswa na meno na kuuvuta mkono. Tangu hapo alipiga msasa tu, msumeno akamwachia binti. Zoila alichora mistari miwili myekundu mezani, shubiri moja kila upande wa meno. Mkono wa mtu haukuvuka hapo.

Mwaka ule alipewa kazi ya fremu ya picha ya mtakatifu. Aliyeitengeneza huchonga jina lake nyuma, na jina la mwanamke halikuwahi kukaa pale. Lakini palikuwa na mila: prioste, mdhamini wa sikukuu, sharti aushike mti unapokatwa mara ya kwanza, ili baraka imfikie. Mila hiyo ilianza enzi za msumeno wa mkono.

Prioste alikuwa Don Heriberto Imbaquingo. Aliingia karakanani na poncho yake nzito, pete nene, na uzi mwekundu wa kuzuia kijicho kifundoni mwa mkono.

"Haya, binti, mkono niuweke wapi?"

"Mlangoni kwanza, Don Heriberto, mpaka uvue hiyo poncho."

"Poncho hii kaivaa babu yangu!"

"Basi tusiichane. Na pete uvue. Na uzi."

"Uzi sivui ng'o! Macho ya mtaa huu huyajui?"

"Ufunge mguuni. Macho utayakinga, na meno haya hayataufikia."

Don Segundo akacheka kwenye vumbi lake la msasa. Don Heriberto hakucheka.

"Lucho wa kule chini ana vidole sita na hanisumbui hivi. Nampelekea yeye kazi, sasa hivi."

Mti ule wa mwerezi Zoila aliukausha mwenyewe kwa miaka miwili, na mahali pa jina lake alikwisha papima. Akaupangusa vumbi, akausogeza upande wa mgeni.

"Mpelekee. Mkono wako siukati mimi."

Hapo Don Segundo akaweka msasa chini, akaja akalaza mkono wake mezani, vile visiki viwili juu.

"Compadre, rafiki yangu, mimi nilikuwa na haraka ya dakika moja tu. Mpaka leo vifungo vya shati nafungiwa na huyu."

Zoila hakuwahi kumsikia baba yake akiutaja mkono ule bila kikombe cha pombe mkononi.

Don Heriberto aliutazama mkono ule. Kisha akavua poncho, akavua pete, akainama kufunga uzi mguuni huku akinung'unika.

Zoila akaubana mti kwa klampu, akauweka mkono wa prioste kwenye ncha ya mbali, hatua mbili kutoka kwenye meno. Akamvisha miwani, naye akavaa yake. Akawasha, akangoja msumeno ushike kasi, akaushusha polepole. Akazima, lakini hakuuinua.

"Unangoja nini tena?"

"Msumeno usimame. Ukizimwa bado unauma."

Uliposimama, aliuinua, akakata kipande cha pili, akaviunganisha viwili hivyo kuwa pembe ya fremu. Don Heriberto akajaribu kupenyeza ukucha kwenye kiungo. Haukupita.

"Ah! Hata wembe haupiti."

Siku ya sikukuu, fremu ikiwa imetundikwa na jina la Zoila limetulia nyuma yake, mafundi waliinua mapengo yao kama kawaida. Don Heriberto akapaza sauti.

"Fundi Zoila! Mbona mikono mfukoni?"

Zoila akaiinua yote miwili. Wakaanza kuhesabu kwa utani, moja, mbili, na walipopita sita sauti ya Lucho ikakatika. Aliyefika kumi, kwa sauti kubwa kuliko wote, alikuwa Don Segundo.