Kitambaa Nilichokikata kwenye Mkunazi

Mimi ndiye mkosaji, na nalisema mapema ili usije ukanihurumia katikati ya habari. Usinihurumie! Huu ni mwaka wangu wa saba Doha, natandika vitanda na kusugua vyoo kwenye jengo moja la vyumba vya kupangisha kule West Bay. Jina langu halitakusaidia. Jua tu kwamba nilimharibia mwenzangu maisha kwa kipande cha kitambaa, tena nikiwa na akili zangu timamu.

Mwenzangu huyo ni Prossy, Mganda wa Masaka. Tulilala chumba kimoja mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini, na kazini tulishika ghorofa moja, ya kumi na nne. Ana mtoto wa miaka sita, Jordan, anayeugua selimundu. Kila Ijumaa alimpigia simu, na mtoto akianza kulia mifupa inauma, Prossy alitoka kukaa kwenye ngazi mpaka simu iishe. Kisha alirudi ndani akapika chakula chetu.

Sasa, chumba cha 1407 alikaa mwanamke wa Kanada, mwalimu. Huyo nilimchukia tangu siku ya kwanza na hata leo sijaacha!

Aliniambia yeye ni Mkelti. Nikadhani ni kabila la huko Kanada. Akacheka, akanieleza kwamba Wakelti ni watu wa kale wa Ulaya, wa Ayalandi na Skotlandi na kwingineko, waliokuwa na miungu yao kabla ya kanisa kufika. Yeye alizaliwa Kanada, mama yake Kanada, bibi yake Kanada. Lakini alitema mate kwenye kichupa, akayatuma kwa posta, majibu yakaja kwamba damu yake inatoka huko. Basi! Tangu siku hiyo akaanza kusikia mababu wakimwita.

Mkono wake mzima ulichorwa michoro ya kuzunguka kama maganda ya konokono. Chini ya dirisha aliweka kimeza chenye mawe, mshumaa na picha ya kunguru, ambaye eti ni mungu wa kike wa vita. Mwisho wa Oktoba aliweka sahani ya mkate na kikombe cha maziwa, akaniomba nisiviguse. Akasema siku hizo mlango wa wafu hufunguka nao huja kula nyumbani. Alipokwenda shuleni niliyamwaga maziwa kwenye sinki. Jioni hiyo akanikumbatia pale koridoni akilia, akisema wamekuja wamekunywa!

Nilicheka hiyo wiki nzima.

Lakini kilichoniudhi hasa ni neno alilonipa siku moja nikifuta vumbi. "Wewe una bahati," akasema. "Wa kwenu unawajua. Mimi natafuta wangu kwa mate."

Bahati! Nilitamani kumtupia ile brashi ya choo. Ngoja nikueleze kwa nini. Kwetu Bungoma, bibi yangu, kukhu, alikuwa na mawe matatu uani. Kila akipika busaa, pombe yetu ya nafaka, alimwaga kidogo pale kabla ya kuonja, akiwataja waliotangulia mmoja mmoja. Nilipofika miaka kumi na saba nikaokoka, mhubiri akasema yale ni madhabahu ya shetani. Niliyabeba kwa karai nikayatumbukiza kwenye shimo la choo. Kukhu hakunigombeza. Alikaa akiangalia ukuta, na hakuniita tena jina langu la nyumbani mpaka tukamzika.

Waliotufundisha kwamba mawe ya kukhu ni ushetani ni wazee wa huyu mama. Leo mjukuu wao anayanunua mtandaoni, yanaletwa na pikipiki, na mimi ndiye wa kuyapangusa! Ndivyo nilivyoona. Na bado ndivyo ninavyoona.

Prossy hakuwa na uchungu huo. Yeye ni Mkatoliki wa rozari shingoni, lakini alipenda kumsikiliza. Alikuwa anamaliza kutandika, anasimama na shuka mkononi, wanaongea. Akinirudia na hadithi za watu wanaoishi chini ya vilima, namwambia anyamaze nilale.

Siku moja mchana tukila kwenye chumba cha wafanyakazi, akaniambia: "Dada, unajua kwao huyu madam walikuwa wanafanya nini mtu akiugua? Wanachana kanguo kake, wanakafunga kwa mti karibu na chemchemi. Kale kitambaa kakioza, na ugonjwa nao unaisha."

"Na wewe umeamini?"

"Banange, mimi najua? Nimekafunga tu. Nimesema na Salamu Maria zangu kumi. Kana ubaya gani?"

Alikuwa amechana fulana nyekundu ya Jordan, aliyokuja nayo kutoka kwao kwa ajili ya harufu yake. Nyuma ya jengo la kazini kuna bustani ndogo yenye mkunazi mmoja. Chemchemi yenyewe ilikuwa bomba la mpira la mtunza bustani! Nikamwambia atapata matatizo. Akasema hakuna mtu huenda huko isipokuwa yule Mnepali wa kumwagilia, na huyo ameshamwomba ruhusa.

Hapo nilikuwa bado mtu. Nilimwonya kwa nia njema, na ningeachia hapo ningekuwa salama.

Ikatangazwa nafasi ya msimamizi wa ghorofa. Tuliomba sote wawili. Mimi nilimtangulia Prossy kazini kwa miaka mitatu, na nilishaanza kuwaambia watu wa nyumbani kwamba cheo ni changu. Halafu yule Mkelti akaandika barua ndefu kwa meneja kumsifu Prossy kwa jina, na kwetu sifa za mpangaji ndizo zinazopandisha mtu. Mimi niliyepangusa mawe yake miaka miwili hakunitaja hata kwa bahati mbaya!

Wivu ulinishika, sikatai. Nikaanza kuuona ule mkunazi hata nikifumba macho.

Lazima ujue jambo hili. Siku ya kwanza kazini tulikalishwa tukaambiwa: huku hakuna mchezo na sihiri. Ukiokota nywele zilizofungwa, karatasi ya maandishi, kitambaa chenye fundo, usiguse, ita walinzi. Kwa Mwislamu fundo la namna hiyo si pambo, ni mtu amefungwa. Nililijua hilo vizuri kuliko yule mama na Wakelti wake wote.

Na msimamizi wetu mkuu, Madam Rana, Mlebanoni, alikuwa kitandani wiki mbili na mgongo ambao madaktari walishindwa kuueleza. Alipenda sana kuvaa mitandio.

Nikaenda bustanini saa nne asubuhi, wakati wa chai. Nikakuta vitambaa viwili, siyo kimoja. Kile chekundu nilikijua. Cha pili kilikuwa kimepauka kwa jua, kina alama ya ua lililofifia, na kilifungwa fundo moja safi. Sikujiuliza ni cha nani. Naomba usome tena hapo: sikujiuliza! Niliwaza tu kwamba kinaweza kupita kama mtandio.

Nilikuwa na mkasi wa kukatia nyuzi za shuka. Nikakata vyote viwili. Kile chekundu cha Jordan nikakitupa kwenye pipa la taka, kisije kikaonyesha kwamba ni mambo ya mtoto mgonjwa. Kile cha pili nikakitia kwenye mfuko wa nailoni nikaupeleka kwa mkuu wa walinzi.

Mkuu wa walinzi tulimwita Abu Karim, Msudani mtu mzima, mpole. Aliutazama ule mfuko bila kuugusa.

"Ya ukhti, dada yangu," akasema, "hili ni neno zito. Umeona kwa macho yako?"

Nikasema nimeona. Nikasema Prossy alikinuizia maneno huku akimtaja Madam Rana. Nikasema kitambaa kilichanwa kwenye mtandio wa Madam Rana. Yote uongo!

"Wallahi?"

Nikamwambia mimi ni Mkristo, nikaapa kwa Biblia. Akaniuliza mara ya tatu, taratibu, kama mtu anayekushikilia mlango upite. Nikaapa tena.

Walimchukua Prossy kwenye chumba cha kubadilishia nguo kabla ya saa sita. Hawakumpeleka polisi, kwa sababu wenye jengo waliogopa kuharibiwa jina. Walimfuta kazi na kumkatia tiketi ya siku ya tatu, na wakati huo wote alikaa chini ya ulinzi kwenye chumba cha ofisi. Mimi ndiye niliyetumwa kumfungia sanduku. Ona dharau hiyo: nilikunja nguo zake kwa mikono hii hii.

Nilipompelekea sanduku alikuwa amevimba macho. Akaniangalia moja kwa moja.

"Dada, waambie. Wewe unajua vile vitambaa ni vya nani."

"Mimi sijui kitu," nikasema, nikimwangalia mlinzi.

Akalivuta sanduku karibu yake. Halafu akasema, "Sawa. Mama akipona, unipigie." Nikadhani amechanganyikiwa, anamtaja mama yake. Nikaondoka haraka.

Unataka kujua yule Mkelti alifanywa nini? Hakuna! Alishuka ofisini akilia, akasema wazo lilikuwa lake, ni mila ya mababu zake. Wakamwomba kwa heshima asirudie. Mila yake ilimrudisha Prossy Masaka, yeye akarudishwa chumbani na kikapu cha matunda. Mwisho wa mwaka wa shule akaondoka. Baadaye akatuma picha mapokezi: yuko Ayalandi, amesimama kando ya mti uliojaa vitambaa vya kila rangi, anatabasamu. Amewapata wa kwao. Nilitamani kuichana ile picha, nikakumbuka ni mimi niliyeshika mkasi.

Cheo nikapewa. Nina beji na redio ya mkononi. Lakini chumbani kwetu nikiingia, maongezi yanakatika. Niliwasikia siku moja Wakenya wenzangu: "Chungeni mdomo, CCTV imerudi." Hakuna anayeniazima hata chumvi. Kanisani, mtaa wa Abu Hamour, naketi benchi peke yangu, na hakuna aliyeniambia niketi hapo.

Mambo hayo ningeyavumilia. Mtu huzoea kuchukiwa. Sikiliza kilichonivunja.

Miezi mitano baadaye nikaanza kufunga mizigo kwenda likizo. Mama yangu alikuwa amenipa leso yake kuukuu nilipokuja huku, yenye maua ya korosho, aliyojifunga miaka na miaka. Niliitandika chini ya godoro, siitumii, nimeiweka tu iwepo. Wakati wote huo mama alikuwa na kidonda mguuni kilichokataa kufunga, na nilimlilia Prossy habari hiyo mara nyingi tukiwa vitandani.

Nikaivuta ile leso. Pembe moja haipo.

Haikuchanika. Ilikatwa kwa mkasi, moja kwa moja, na pale ilipokatwa palikunjwa pindo na kushonwa kwa mkono kwa uzi wa njano, mishono midogo midogo, ili isije ikafumuka. Prossy ndiye aliyekuwa na uzi wa njano chumba kizima. Na kwenye ule ukingo kulikuwa na nusu ya ua la korosho. Nusu nyingine nilishaishika mkononi pale bustanini, nikaiita mtandio wa Rana, nikaiapia Biblia.

Nilikaa sakafuni nikapiga yowe mpaka jirani wa Kifilipino akagonga mlango. Yule mwanamke alikuwa na mtoto mgonjwa, akaenda kule kwenye mti wake wa kuombea, akakumbuka na mama yangu! Hakuniambia kwa sababu alijua ningemtukana.

Nikatafuta namba yake kwa Waganda. Watatu walinikatalia usoni. Wa nne akanipa na kunitemea mate karibu na kiatu.

Prossy akapokea. Nikataja jina langu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuomba msamaha, hata nimeyaandika. Yeye akatangulia.

"Mama amepona?"

Nikamwambia ndiyo. Daktari alibadilisha dawa, kidonda kimefunga, sasa anaenda sokoni kwa miguu.

"Webale Mungu," akasema, na alishukuru kweli, nilimsikia.

Nikauliza, "Na Jordan?"

Kulikuwa na sauti ya vyombo nyuma yake. Kisha akasema, "Jordan tulimzika mwezi wa tatu. Sasa usinipigie tena, dada."

Akakata. Neno la msamaha sikulitoa, na kile kikaratasi bado ninacho.

Sikwambii kwamba kile kitambaa chekundu kingemponya mtoto. Mimi siamini mambo hayo, na sijui tena ninaamini nini. Najua mama yake angekuwa kazini, dawa zingeenda, na ningekuwa sijatupa fulana ya mtoto kwenye taka. Kwa Abu Karim nilienda nikakiri. Alinisikiliza, akasema, "Nilikuuliza mara tatu." Na kazi bado ninayo, kwa sababu hakuna anayetaka kulifungua lile faili.

Kwa hiyo wewe unayesoma huku umekaza mdomo ukisema ungekuwa wewe usingefanya: acha kujidanganya! Wivu hauna dini. Ukiona mwenzako anaomba kwa namna usiyoielewa, iwe kwa mawe, kwa mshumaa au kwa vitambaa, na mkono unakuwasha kwenda kusema, uliza kwanza anamwombea nani.

Mimi sikuuliza. Leso ya mama ninayo hapa mapajani ninapoandika. Nimejaribu kuufumua ule uzi wa njano, nimeshindwa, umeshonwa vizuri mno.