Nilifundisha Kompyuta Sauti za Wazee Bandia

Mimi ni mpumbavu. Msinitafutie jina ingine, hiyo inanitosha.

Niko Gatitu, niliachia shule darasa la nane, na kitu naweza sana ni kuiga watu. Pasta, chifu, hata ng'ombe ya jirani. Sasa huyu msichana wa jirani, nitamwita Wangeci, ako university. Alikuwa amepata kazi ya utafiti: kufundisha kompyuta isikie Kikuyu ya wazee, ndio mkulima aulize simu yake juu ya ugonjwa wa viazi bila kuandika. Ikienda poa, profesa wake angemwajiri akimaliza shule.

Mimi nikapewa simu nirekodi wazee, Chaka mpaka Naro Moru.

"Usinichezee na hii, tafadhali," Wangeci aliniambia. "Kompyuta inajifunza kwa kusikia watu wengi tofauti."

"We tulia. Mimi ni mtu wa watu."

Mtu wa watu! Takataka!

Mzee wa kwanza hapo Chaka akaniuliza, "Wewe ni mtoto wa nani? Guka yako, baba ya baba yako, ni nani? Na sauti yangu unapeleka wapi?" Baridi inanikata masikio. Nikaona huyu ananisumbua, nikaenda zangu.

Nikajifungia kwa nyumba, nikakuwa wazee wote mimi mwenyewe! Mzee wa kukohoa. Shosho, nyanya bila meno. Na yenye ilitoka safi kabisa, guka yangu, mwenye tulizika.

Wangeci akasikiza, akafurahi. "Huyu mzee wa Naro Moru ako na sauti! Ulimtoa wapi?"

Nikacheka ndani. Hawa ndio wasomi? Wanadanganywa na kikohozi!

Siku ya kujaribu, profesa akakuja kwa ukumbi wa kanisa. Wazee wa ukweli wamejaa. Shosho yangu akaitwa mbele, akauliza simu mbona viazi zake zinakauka majani. Simu ikaandika yenye ilisikia: upuzi. Mzee mwingine akajaribu. Upuzi. Profesa akavua miwani. Wangeci akaniangalia, macho imejaa machozi.

Ati nikadhani naweza kumwokoa. Nikainama nyuma ya benchi, nikauliza hiyo swali na sauti ya guka.

Simu ikaandika kila neno!

"Huyo mzee ako wapi?" profesa akauliza.

Shosho yangu alikuwa amegeuka, mkono kwa kifua, anatafuta kwa watu. Anatafuta bwana yake. Ngai, hiyo uso!

Halafu akaniona. "Kumbe ni wewe." Akageukia profesa, polepole: "Kwani hii simu inasikia tu wenye walikufa?"

Profesa hakuhitaji kuelezwa zaidi: wazee wote kwa rekodi walikuwa mimi. Wangeci akatolewa kwa hiyo kazi, ati hakuhakikisha rekodi. Hata hakunitusi. Alichukua ile simu ya kurekodi kwa mkono yangu akasema, "Niliwaambia kina profesa wewe ndio naamini." Siku hizi akiniona Gatitu anavuka barabara.

Viazi za shosho zilikauka zote. Bado ananipea chakula, lakini nikiiga mtu, anatoka nje.

Sasa wewe kijana mjanja, umepewa kakazi na mwanafunzi, ati rekodi watu, ati piga majani yenye ugonjwa picha, na unaona ni upuzi ya wasomi. Kama hutaki, sema hutaki! Kama unataka, nenda kwa huyo mzee. Na akikuuliza guka yako ni nani, keti chini umjibu.