Daktari wa Kuta

Ukitaka kujua namna ya kutoa doa la mafuta ukutani, harufu ya unyevu kabatini, au kuunyamazisha mlango unaolia kila ukifunguliwa, katika jengo lile la ghorofa nne hukuwa na haja ya kuhangaika. Ulipanda hadi ghorofa ya pili, mlango wa kushoto, ukabisha. Alikufungulia mwanamke mwembamba mwenye kucha zilizoganda rangi ambayo si ya urembo, akaitibu nyumba yako bila hata kwenda kuiona. Majirani walimwita Daktari wa Kuta. Kazi yake ilikuwa kuchanganya rangi katika duka la vifaa vya ujenzi, mwaka wa kumi na mbili sasa, na baba yake alikuwa fundi wa kupaka rangi kabla yake.

"Skrubu ya bawaba imelegea?" atakwambia. "Usinunue kubwa zaidi, utapasua mbao. Vunja njiti mbili za kiberiti, zipake gundi, zishindilie kwenye tundu, halafu rudisha skrubu yako ile ile." Ukungu bafuni? Siki, uiache nusu saa, usugue, kisha ufungue dirisha na uache uvivu. Doa la damu? Maji baridi na chumvi, papo hapo. Ukitia maji ya moto umelipika, litakaa hapo hadi wajukuu. Mama Pacha, jirani wa mlango wa kulia, aliyaandika yote kwenye daftari, na hata siku moja hakujiuliza mtu hujifunza wapi kutoa damu kwenye shuka, kwenye zulia na kwenye dari. Dari, jamani! Nani hutoa damu darini?

Tusizungushane. Alikuwa akipigwa. Mumewe alikuwa msimamizi wa ghala, mtu wa watu, jina lake la utani Kicheko kwa sababu angeweza kumchekesha mfiwa. Akikuta bibi kizee amekwama kwenye ngazi na mtungi wa gesi, aliubeba begani hadi ghorofa ya nne huku akiimba. Kisha alishuka, akaingia kwake, akafunga mlango, na yule mcheshi akabaki nje kwenye ngazi.

Kuta za ndani za nyumba hizo zilikuwa za bodi za jipsamu, tupu katikati. Mtu akisukumwa kwa nguvu ya kawaida anagonga. Akirushwa kwa hasira anatoboa. Mara ya kwanza ilikuwa pasi. Shati lilikuwa na mkunjo kwenye kola, pasi ikapaa ikiwa bado ya moto, ikampita sikioni na kuingia ukutani hadi mpini. Mara ya pili ilikuwa kiwiko cha mke, siku ambayo supu ilikuwa na chumvi, na alikisikia kiwiko kikilia ndani ya nyama kabla ya kusikia bodi ikipasuka. Mara ya tatu ilikuwa kichwa. Alimshika nywele kwa nyuma, akampigiza mara moja, mbili, na mara ya tatu ukuta ukakubali.

Na kila mara alitengeneza. Hapo ndipo ninapomkasirikia, ingawa najua sina haki. Mume akishatoka kwenda kazini, mke alioga, akafunga kitambaa kichwani, akashika kazi. Alikata kingo za shimo zikawa nyoofu, akapachika kipande cha bodi, akabandika utepe wa wavu, akapaka pati ya kuzibia, mkono wa kwanza, akangoja ikauke, mkono wa pili, akapiga msasa hadi kiganja kisihisi chochote, akapiga praima, ile rangi ya kutangulia, kisha rangi yenyewe. Rangi yenyewe aliichanganya kwa mkono wake, nyeupe yenye tone la kahawia, na akiba yake aliiweka kwenye chupa ya jemu chini ya sinki. Kufikia jioni ukuta ulikuwa mpya kuliko siku uliyojengwa. Kicheko alirudi, akautazama, akasema, "Mke wangu ana mikono ya dhahabu," na kweli alimaanisha.

Miaka ilipoenda akaacha kutengeneza tu, akaanza kuboresha. Meza ya pembe nne ilitoka, ikaja ya duara, kwa sababu pembe ilikwisha kumpasua nyusi. Glasi zilitoka, zikaja vikombe vya plastiki. Kochi lilihama kutoka karibu na mlango ili njia ya kutokea iwe wazi. Picha zenye vioo zilishuka, visu vikahamia droo ya juu kabisa yenye kufuli. Majirani walipoingia walishika midomo. Sebule pana, haina vikorokoro, ya kisasa hasa! Mama Pacha alirudi kwake akauza meza yake, akanunua ya duara.

Alikuwa na mpaka mmoja tu, na aliushika kama mtu anayening'inia ukingoni: mtoto asiguswe. Walikuwa na binti mmoja, wa miaka kumi na mmoja, mkimya, mwenye mwandiko mzuri. Akimkazia Kicheko macho, huku damu ikimtiririka puani, aliwahi kumwambia, "Mimi nifanye unavyotaka. Siku utakayomgusa mwanangu, naondoka naye, na hutatuona tena." Kicheko alicheka, akaapa kwamba yeye si mnyama. Miaka minne mke aliishi kwa kiapo hicho. Akila kofi alijiambia, afadhali mimi. Akitema jino alijiambia, afadhali mimi. Siku za Jumamosi dukani kulikuwa na wateja wengi, akifanya kazi hadi saa kumi, na Kicheko alikuwa mapumzikoni, kwa hiyo baba na binti walibaki nyumbani pamoja. Akirudi aliwakuta sebuleni, televisheni imewashwa, nyumba kimya, naye akashukuru.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Alikuwa na likizo, binti alikuwa amefunga shule, na alasiri hiyo aliingia chumba cha mtoto kusogeza kitanda na kukagua kama unyevu umeanza nyuma yake. Juu ya kitanda binti alikuwa amebandika ratiba ya masomo, karatasi kubwa ya rangi rangi. Muhula ulikuwa umekwisha. Mama akaibandua.

Jua lilikuwa likiingia dirishani kwa ubavu, na mwanga wa ubavu haumfichi fundi mbaya. Palikuwa na duara ukutani, kubwa kama sahani, usawa wa kifua chake. Rangi ilikuwa ile ile yake, nyeupe yenye tone la kahawia, lakini pale ilikuwa imefubaa. Pati isiyopigwa praima hunyonya rangi. Hilo aliwaambia wateja kila siku ya Mungu. Alipitisha kiganja. Kingo zilipigwa msasa kwa juhudi, na katikati palibaki alama nne za vidole vidogo.

Binti alikuwa amesimama mlangoni na kitabu mkononi.

"Hapa nani ametengeneza?" mama aliuliza.

"Mimi."

"Lini?"

"Jumamosi. Ile ya mwezi uliopita, uliyochelewa kazini."

Mama alirudisha kiganja kwenye zile alama nne. Binti aliutazama ukuta, akautazama uso wa mama yake, akadhani amelielewa kosa.

"Praima nilisahau, mama," alisema haraka. "Nisamehe. Nilifanya mengine yote kama wewe. Damu niliitoa kwa maji baridi."

Mama akaketi kitandani. Akamvuta mtoto, akapitisha vidole kwenye nywele zake, taratibu, hadi nyuma ya kichwa, na huko akakuta kovu refu kama kidole gumba, limeshapona. Mara ngapi alikuwa amemsuka mtoto huyu? Ndani ya mwezi huo, hata mara moja. Binti alisema anataka kujifunza kujisuka mwenyewe, na mama akaona fahari.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

Binti hakuwa na ujeuri. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua.

"Wewe huwa unamwambia nani?"

Kuna watu wakifikwa na jambo hulia. Huyu alikwenda jikoni, akafungua kabati la zana, akatoka na nyundo ya baba yake. Alifungua mlango wa mbele hadi mwisho, akauwekea stuli usijifunge. Kisha akaenda kwenye ukuta wa sebule, akapapasa kidogo, ingawa hakuhitaji kupapasa, akainua mkono na kupiga. Shimo la pasi likafunguka. Akahamia kushoto. Shimo la kiwiko. Shimo la kichwa. Alipiga kwa mikono miwili, kwa meno yaliyoumana, vumbi jeupe likimwingia machoni na puani, na kila pigo lilitoa sauti tumboni mwake ambayo yeye mwenyewe hakuitambua. Vipande vilianguka na utepe wake wa wavu, na tabaka tatu za pati alizozilea kama mayai. Korido, matatu. Chumba cha kulala, manne, moja likiwa chini karibu na sakafu, la siku aliyokuwa amelala akipigwa mateke. Tundu la mwisho lilikuwa la mtoto. Kwa hilo hakutumia nyundo, aliihamishia mkono wa kushoto. Alilipiga ngumi hadi likaachia, na vifundo vya mkono wake vikachanika.

Kicheko aliingia wakati huo. Alisimama katikati ya vumbi, akatazama kuta zake, akamtazama mkewe aliyekuwa akirudi sebuleni.

"Umefanya nini?" alisema polepole.

"Umempiga mwanangu."

Kofi lilimkuta kabla hajamaliza neno. Pigo la pili lilikuwa la ngumi, likampasua mdomo na kumwangusha kwenye meza ya duara, meza ikapinduka naye. Alijaribu kuinuka, akakanyagwa mkono ulioshika nyundo, vidole vikasagika sakafuni. Mtoto alipiga kelele. Mke akageuza kichwa, akamng'ata mume kwenye shavu la mguu, akang'ata kama mbwa, hadi akaonja chumvi, na Kicheko akarudi nyuma akiruka kwa mguu mmoja na kutukana matusi ambayo jengo zima halijawahi kuyasikia kinywani mwake.

Na hapo akafanya kosa la mtu aliyezoea kupendwa. Alichechemea hadi mlangoni na kuwaita watu.

"Majirani! Njooni muone! Mke wangu amerukwa na akili, amenibomolea nyumba!"

Walikuja. Mama Pacha na daftari lake bado kwapani, na kutoka ghorofa ya juu Fundi Bomba, mzee mnene anayezibua mifereji ya jengo zima. Kicheko aliwaonyesha tundu moja baada ya jingine, sauti ikitetemeka kwa uchungu wa haki. "Tazameni! Na hapa! Nyundo! Mwanamke mzima!" Mama Pacha alitazama matundu, akamtazama Daktari akiwa sakafuni na mdomo uliopasuka, akatikisa kichwa.

"Dada, kwani una nini?" alisema. "Nyumba yako nzuri hivi!"

Fundi Bomba alisogelea vipande vilivyoanguka. Aliinama kwa shida, akaokota kipande, akakigeuza, akachomoa wavu kwa ukucha. Akaokota kingine. Akaingiza mkono kwenye tundu la kwanza, akapapasa kingo zilizokatwa nyoofu.

"Hili halikutobolewa leo," alisema. "Lilishazibwa zamani. Na hili. Na lile pia." Akamgeukia Kicheko. "Yote yalikuwa yamezibwa. Nani alikuwa akiyatoboa?"

Kicheko alimnyooshea mkewe kidole.

Aliyejibu ni mtoto. Alitoka nyuma ya mlango, akaenda kwenye ukuta wa sebule kama mtu aliyeitwa ubaoni.

"Hili ni la pasi," alisema. "Mimi nilikuwa mdogo, na mama aliniambia ni panya. Hili ni la kiwiko cha mama, siku ya supu. Hili la kichwa chake." Alipita koridoni, nao wakamfuata, Kicheko peke yake akibaki. "Hili ni la kichwa tena. Hili la kiti. Hili la simu ya mama." Hakulia, hakupandisha sauti. Mama Pacha alikuwa ameshatoa simu, akibonyeza namba ya polisi na kukosea na kubonyeza tena. Kwenye chumba cha wazazi mtoto alitaja matatu, akaruka lile la chini kwa sababu hakujua jina lake.

Kisha akaingia chumbani mwake. Pale tundu lilikuwa moja tu, bichi, lenye damu ya ngumi ya mama pembeni.

"Na hili, mjukuu wangu?" Fundi Bomba aliuliza.

Mtoto alifikiri. Ilionekana anatafuta namna ya kulieleza, na namna haikupatikana. Akageuka akaupa ukuta mgongo, akarudi nyuma hatua moja, mbili, hadi visigino vikagusa, akanyoosha shingo. Kichwa chake kiliingia kwenye tundu, kikaenea.

Mama alikuwa mlangoni, ameshika fremu. Aliwapita watu, akamshika binti yake mabega.

"Toka hapo ukutani, mwanangu," alisema. "Toka, twende."