Mbwa wangu aligongwa na taxi akainuka bila kulia, kumbe ubongo ulikuwa umemficha maumivu

Wakuu, poleni na majukumu. Hili limenikuta mwenyewe hapa Durban, sijaongeza chumvi.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimepanga chumba Glenwood, natengeneza simu. Nina mbwa jike, anaitwa Pili. Nilimwokota mdogo sana, na kusema kweli ndiye familia yangu huku.

Jumamosi mchana tunavuka kwenye robot, yaani taa za barabarani, taxi ikakata kona ikamgonga. Akarushwa pembeni.

Nikajua basi tena.

Lakini akasimama. Hakulia hata kidogo. Tukatembea mpaka nyumbani, nikampa maji, nikaanza kujiandaa kurudi kazini.

Jirani yangu Mama Furaha, Mkongo wa Uvira aliyekulia kwenye mifugo, alikuwa anaanika nguo. Nikamsimulia huku nacheka. Yeye hakucheka. Akamfunua Pili mdomo.

"Kaka, fizi zimekuwa nyeupe. Hii mbwa iko na kitu ndani."

"Mbona halii?"

"Mbuzi yetu ilivunjika mguu, ikakimbia hivyo hivyo mpaka kwa zizi. Kulia ilikuja nyuma. Mupeleke kwa daktari sasa."

Hapo nikambeba Pili, nikaita gari. Tukiwa ndani ya Uber, Pili akaanza kutetemeka, kisha akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Kila robot tuliikuta nyekundu. Nilikuwa nahesabu anavyopumua.

Daktari wa mifugo akampima: nyonga imevunjika, na damu inavuja tumboni. Wakati wanaandaa upasuaji nikamuuliza, sasa alitembeaje?

Akasema mnyama akipata mshtuko mkubwa, ubongo humwaga homoni ziitwazo endorphin. Ni kama morphine ya mwili wenyewe, zinazuia taarifa za maumivu zisifike, ili apate nafasi ya kumkimbia adui. Zikipungua, maumivu yanakuja yote kwa pamoja.

Nesi akaniambia nimshike kichwa, niongee naye taratibu, maana kuguswa na mtu anayemjua kunamtuliza, na kutulia nako kunapunguza maumivu. Nikaongea Kiswahili chote nilichonacho. Sikumbuki nilisema nini.

Wakampeleka ndani. Nilikaa kwenye benchi karibu masaa matatu, mlango ukifunguliwa nainuka.

Alipona, wakuu. Anachechemea, lakini yupo.

Daktari aliniambia ningechelewa kidogo tu ningemkosa. Hilo ndilo linaloninyima raha. Nilikuwa namfungia mlango niende kazini, akafe peke yake, na mimi nikijua mambo yako sharp.

Nilichojifunza: mnyama kunyamaza si kwamba haumii. Akigongwa au akianguka, angalia fizi kama zimepauka, angalia anavyopumua, kisha mpeleke tu hata kama anatembea.

Wafugaji na madaktari mliomo humu, nirekebisheni nilipokosea. Na wewe ambaye mnyama wako aliwahi kukuficha maumivu, uligundua kwa dalili gani? Tiririka hapa chini, inaweza kumwokoa wa mtu mwingine.