Udongo wa Gunda

Kabla sijazeeka nilikuwa bawabu wa nyumba moja Milimani, pale Kisumu, nyumba yenye ua mkubwa hata mwenyewe alikuwa anazunguka akitafuta mahali alipoacha gari. Kazi yangu ilikuwa geti na mbwa. Yule mbwa alikuwa mwekundu, mnene, na alinidharau waziwazi. Mwaka mmoja akaanza kulalalala. Mwizi angempita akidhani ni zulia limeanikwa. Basi akaitwa daktari wa mifugo, akamtoa damu kwa sindano, akaondoka nayo kwa chupa ndogo, na baada ya siku mbili simu ikalia: damu ya mbwa ni nyepesi, apewe maini kila siku.

Mimi ndiye niliyepika hayo maini. Sitadanganya mtu, si yote yaliyofika kwa mbwa. Lakini yaliyofika yalitosha, kwa sababu alipona, na siku aliyopona akaniuma mkono.

Kitu kilichonikaa kichwani si kuumwa. Ni kwamba daktari hakumwuliza mbwa swali hata moja. Mimi nilifika darasa la tatu, ng'ombe wakanitoa, na siku zote nilijua kupimwa ni kuulizwa, kama mwalimu anavyokusimamisha mbele ya wenzako. Kumbe unaweza kuchukua kitu kidogo tu, ukipeleke mbali, na hicho kidogo kikaeleza habari zote za mwenyewe bila aibu.

Nikaacha kazi, nikarudi kwetu, kijiji kimoja si mbali na Katito. Juzijuzi tu, mama watoto akaanza kuchoka. Kutoka kisimani mpaka nyumbani anakaa chini mara mbili, ndoo kando yake, kama mtu anangojea gari. Nikampeleka dispensari. Wakamdunga kidole, wakasema damu iko chini, ale maini, mboga, maharagwe. Mimi nikacheka.

Daktari wa pale dispensari akakasirika. "Mzee, unacheka mke wako?"

Ningemwambia nini, kwamba nimemkumbuka mbwa? 

Maini ya Katito yana wenyewe. Mchinjaji anayaficha chini ya meza. Mboga kidogo ipo. Maharagwe ndiyo yalitushinda. Shamba letu linayaotesha vizuri, yanatoa maua, halafu majani yanageuka manjano na unavuna maganda matupu. Miaka mitano hivyo.

Ndipo akaja bwana wa udongo. Alikuwa mtu wa mradi, mpole, viatu vyake vimepigwa rangi, na alituita uwanja wa kanisa akatueleza polepole. Chakula kinaweza kujaza tumbo na kisilete damu, alisema, kwa sababu udongo ukiwa umechoka, hata mmea hauna cha kukupa. Yeye atapima udongo wa kila shamba. Shamba lililopungukiwa litapata chokaa na mbolea yake, pamoja na mbegu za maharagwe yenye madini ya chuma, halafu atapima tena mavuno aone kama yamebadilika. Akagawa bahasha za kaki. Kila mtu achukue udongo wa shamba lake, ajaze, aandike jina.

Mama watoto alinishika shati tukitoka. "Mzee, hayo maharagwe ni yangu. Umesikia?"

Nilisikia. Lakini sasa nieleze, maana watu wa mbali hawawezi kuelewa. Kwetu mgeni akija humpi kuku mwenye kikohozi. Humkalishi kwa kiti kilichovunjika. Na huyu mgeni ameomba udongo, tena utaenda mpaka maabara, usomwe na watu wasiotujua, na juu yake jina la baba yangu. Nimpe ile vumbi ya manjano ya shamba letu?

Tuna gunda. Gunda ni boma la zamani, watu walihama wakaliacha, na hili letu ng'ombe wa babu zetu walilala hapo miaka na miaka. Udongo wake ni mweusi kama chungu. Malenge yanaota pale bila kupandwa na mtu. Nikaenda na bahasha yangu na jembe, na nani ninamkuta ameinama? Jirani yangu wa ng'ambo ya ua.

"Omera, ndugu yangu, unatafuta nini huku?"

"Dawa ya tumbo."

"Na jembe?"

"Dawa iko chini." Akatazama bahasha yangu. "Na wewe?"

"Mimi pia tumbo."

Tukachimba, kila mtu amempa mwenzake mgongo. Nikirudi nilikutana na wanawake wawili wanakuja, na nyuma yao mzee wa kanisa. Matumbo yaliuma sana siku hiyo. Wengine walipofika nyumbani waliuchekecha kwa ungo kama mchele, watoe mawe.

Baada ya wiki kadhaa bwana wa udongo akarudi na makaratasi. Alikuwa na furaha kama mtu aliyeokota kitu. "Ndugu zangu, tangu nianze kazi hii sijaona. Kijiji kizima, udongo mzuri, na mashamba yote yanafanana! Nyinyi hamhitaji chochote."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga mpaka nikasikia ubavu wangu unachomwa na macho. Mama watoto hakuwa amepiga.

Nyumbani alivua viatu taratibu. "Sasa udongo wetu umesifiwa," akasema. "Nikisifiwa nao nitafika kisimani?"

Kesho yake nikamfuata yule bwana Katito, ofisini kwake. Nikavua kofia. "Bwana, ile yangu haikuwa yangu."

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya ng'ombe."

Alikuna shingo. Hakunigombeza, nasema kweli. Akasema Alhamisi atakuja na chuma chake cha kutoboa ardhi, atachimba mwenyewe, aanze na kwangu, na akikuta upungufu nitapewa mbegu palepale. Nilirudi kwa furaha, na kosa langu ni moja: nikamwambia jirani. Yeye peke yake.

Jumatano ilikuwa siku ya dispensari, tukashinda huko. Tukirudi jioni, jua bado liko juu, nasikia nyimbo shambani kwangu. Ni saga, kazi ya kusaidiana, watu kama ishirini, na wilbaro saba zinatoka gunda zikimwaga udongo mweusi. Shamba lote lilikuwa limefunikwa unene wa kiganja kimoja. Jirani akaja anatiririka jasho.

"Tumeanza na lenu, kwa sababu mama ni mgonjwa. Kesho mgeni asiwaaibishe."

Ungekuwa mimi ungesema nini? Ishirini, wamechoka, kwa ajili ya mke wako. Nikachemsha chai. Mama watoto aliingia ndani akalala na viatu.

Alhamisi bwana wa udongo alifika na chuma chake, na kwapani mfuko wa mbegu. Mama watoto alikaa kwa kiti akiwa na beseni mapajani, tayari. Chuma kikaingia. Kikatoa udongo mweusi, jino la ng'ombe, na kipande cha chungu. Akazungusha tena, chini ikatoka ile yetu, ya manjano. Akatoboa mahali pengine. Mweusi, mfupa, manjano. Akainama akaona njia za magurudumu, akazifuata, mimi na majirani waliokuja kutazama, sote nyuma yake kama tunaenda kuzika, mpaka gunda.

Gunda haikuwepo. Kulikuwa na shimo, na ndama wa mtu amesimama ndani anashangaa.

"Nani amechimba hapa?"

 Jirani yangu akasema, "Bwana, ng'ombe wa siku hizi wana kwato kali."

Mtu mmoja akacheka kidogo, akajizuia. Bwana wa udongo alimtazama ndama muda mrefu. Kisha akageuka, akapita katikati yetu, akapita shamba langu ambapo chuma chake kilikuwa bado kimesimama, hakukigusa.

Mama watoto aliinuka na beseni lake, akashika nguzo ya jikoni, akamwita yule bwana. "Baba, na maharagwe?"

Hakusikia, au alisikia. Mfuko ulikuwa bado kwapani. Alienda moja kwa moja mpaka barabara ya Katito, akashika upande wa kushoto, na hajarudi mpaka leo.