Kidole Kwenye Kitufe Chekundu

Jumanne, tarehe 12 Machi 2019, fundi umeme wa karakana moja ya vyuma aliandika kwa chaki ubavuni mwa mashine ya kutoboa: milimita mbili. Kiasi hicho ndicho kichwa cha mashine, kizito kuliko watu wanne, kilichoshuka kila umeme ulipokatwa.

Mota iliyokibeba ilikuwa na breki ndani yake, lakini breki haishiki papo hapo. Mota ikiachia mapema, mzigo huporomoka. Asubuhi ile fundi aliipanga mota ichelewe kuachia hadi breki ishike. Bado kichwa kilishuka milimita mbili. Basi breki yenyewe ilikuwa imechoka, na breki iliyochoka huachia siku yoyote bila kuaga. Akaenda stoo kutafuta gogo la kukiegemeza kichwa kile.

Aliporudi, alisimama hatua chache kabla ya mashine. Shemeji yake, mume wa dada yake, alikuwa amepiga magoti, mkono wa kulia chini ya kichwa kile hadi kiwikoni, akichokoa mabaki ya chuma. Kidole cha mkono wa kushoto kilikaa kwenye kitufe chekundu cha kuzimia. Ndivyo walivyozoea wote pale: likitokea la kutokea, unabonyeza.

Akipiga kelele, shemeji atashtuka. Akishtuka, atabonyeza, umeme utakatika, na kichwa kitashuka.

“Shemeji,” alisema taratibu, kama anayeomba chumvi. “Usibonyeze kitu. Toa mkono.”

“Wewe na woga wako! Hiki si ndicho kinga yangu?” Kidole kilikuwa kikicheza juu ya kitufe. “Na gogo hilo la nini? Ukipata mchumba naye utamwekea?”

“Nitamwekea. Toa mkono, nakuomba.”

“Nimalizie kidogo tu.”

Fundi alipiga magoti, akalisukuma gogo chini ya kichwa, kando ya kiwiko cha shemeji. Liliingia kwa shida.

“Haya, mwoga, tazama,” shemeji akasema, akabonyeza.

Kichwa kilishuka mzimamzima. Gogo lililia, likapasuka ukingoni, likashika. Kati ya ncha ya chuma na ngozi ya mkono hapakupita hata ukucha.

Shemeji aliuchomoa mkono polepole, akautazama kana kwamba ni wa kuazima.

“Dada yako asijue.”

“Atajua leo leo,” fundi alisema.

Kesho yake asubuhi mota ingefunguliwa na breki kubadilishwa. Hadi hapo kichwa kingelala juu ya gogo, na hakuna mkono ambao ungepita chini yake.