Glavu za Mama na Kidonda cha Popi

Juzi mbwa wetu alikanyaga chupa, nikalishusha kopo la dawa zake. Nilipolifungua tu, ugoro, spiriti na vitambaa vya zamani vikanipiga puani kwa pamoja, mate yakanijaa mdomoni. Mniwie radhi kama mnasoma huku mnakula. Harufu hiyo hunirudisha kijijini kwetu Natta, nyuma ya jiko la mama, na mpaka leo inanitia kichefuchefu.

Baba alikuwa machimboni upande wa Tarime akitafuta dhahabu, na kurudi kwake kulikuwa kwa kubahatisha. Nyumbani tulibaki mama mwenye mimba kubwa, mimi mtoto wa darasa la pili, mbuzi wachache, na Popi, mbwa aliyefukuza fisi usiku. Jina la kitoto, lakini mbwa mwenyewe alikuwa dume la kutisha, masikio yamejaa kupe, na alikuwa akila vitu nisivyoweza kuvitaja hapa. Mama alimchukia. Akipita karibu naye alikusanya kitenge chake na kutema mate.

Siku moja ngiri alimchana Popi paja huko shambani. Akaenda kujificha chini ya ghala, na alipotoka, harufu ndiyo iliyotangulia. Kidonda kilikuwa kinacheza. Ndani yake funza weupe, wanene, walipandana kama mchele unaochemka. Nilipiga kelele. Mama aliangalia, akaziba pua, akaingia ndani na kutoka na mfuko wake wa kliniki, ule aliokuwa ameujaza vitu vya kujifungulia: glavu, pamba, wembe mpya.

Jirani yetu, Mama Chacha, akashika kichwa. "Mama Robi! Glavu za kliniki unamvalia mbwa? Manesi watakusema wewe!"

"Waniseme. Mtoto anakuja mwezi ujao. Fisi wanakuja leo."

Kwanza tulimfunga Popi mdomo kwa kipande cha kitenge, fundo nyuma ya masikio, maana mbwa mwenye maumivu hamjui hata anayemlisha. Nikapewa kichwa nishike. "Tulia, mura!" mama alimfokea, kana kwamba anasema na kijana wa watu. Akanyoa manyoya yaliyogandamana na usaha, akamwagia maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, kisha akanyunyiza ugoro wa Mama Chacha. Funza wakaanza kutoka wenyewe, kama walevi, na mmoja akaniangukia mguuni. Jamani! Hata sasa naandika huku nausugua mguu huo. Mama alikimbilia kwenye mihogo akatapika, akajifuta mdomo kwa mkono wa gauni, akarudi kuwatoa waliobaki. Kisha akaenda kutapika tena. Mama Chacha, aliyekuwa amesimama mbali, alinung'unika, "Heri nusu shari kuliko shari kamili," nami nikashindwa kufikiria hiyo kamili ingenuka vipi.

Tulifunga kidonda. Popi, kwa shukrani zake, aling'oa kitambaa akakila pamoja na pamba. Kesho yake tukaanza upya, na keshokutwa, mpaka nyama ikawa nyekundu safi, na jioni moja akachechemea hadi zizini, akabweka.

Mama alijifungua salama. Nesi alimsema kweli, kisha akamtafutia glavu nyingine. Aliporudi nyumbani, mama alitenga kopo la mbwa lenye chumvi, wembe, ugoro, spiriti na vitambaa vilivyochemshwa, akalitundika mbali na vyombo vya chakula. Mimi nikamwona mtakatifu. Nilisimama shule ya Jumapili nikatangaza mbele ya wenzangu kwamba mama yangu anapenda sana wanyama. Alipoambiwa, alicheka mpaka akakaa chini.

Sikuelewa alichokuwa akicheka mpaka nilipoolewa, mume wangu naye akaenda machimboni, nikabaki na tumbo langu katika nyumba ya pembeni mwa kijiji. Jani likianguka batini, nakaa kitandani nikisikiliza. Mama hakumpenda Popi hata siku moja. Alitaka kulala usingizi.